Kioo Chachukua Kazi ya Shaba

Mtu ashukaye kutoka Kamembe kwenda bonde la Bugarama, wilayani Rusizi, hupokewa na joto, mashamba ya mpunga, kisha kiwanda cha saruji cha CIMERWA. Saruji ilianza kutoka huko mwaka 1984, na mwaka 2015 kikazinduliwa kiwanda kipya chenye uwezo wa tani 600,000 kwa mwaka.

Wengi hudhani kazi ya saruji ni mawe na moto tu. La! Mawe huchomwa hadi digrii 1,450 hivi, na katika kiwanda cha namna hiyo kila mtambo hauna budi kupeleka habari zake kwenye chumba cha uongozi. Habari zikipotoka, tanuru laweza kuharibika au fundi akaumia.

Tangu zamani mjumbe wa habari hizo alikuwa waya wa shaba. Lakini shaba hudaka umeme wa mashine kubwa zilizo jirani, na habari zikachafuka. Tena, katika mitandao ya kompyuta, waya wake wa kawaida hauvuki meta 100 bila kusaidiwa.

Adui mkubwa ni radi. Utafiti uliotangazwa mwaka 2016, kwa vipimo vya chombo cha angani cha Marekani, ulionyesha kuwa milima ya mashariki ya Kongo, magharibi ya Ziwa Kivu, ndiyo yenye radi nyingi kuliko pote Afrika. Na Rusizi si mbali na huko. Radi ikipiga, waya mrefu wa shaba waweza kuuleta msukosuko wake hadi ndani ya mtambo wa thamani.

Kioo hakipitishi umeme. Uzi wake, mwembamba kama unywele, hubeba mwanga, tena kwa makumi ya kilometa. Njia hiyo ilielezwa na Charles Kao na George Hockham nchini Uingereza mwaka 1966. Kao akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2009. Mwizi wa shaba naye hana haja na kioo.

Hata hivyo shaba haijafukuzwa: kuzungusha mota bado ni kazi yake. Na uzi wa kioo ukikatika, koleo na utepe havitoshi. Ncha huyeyushwa na kuungwa kwa mashine maalumu. Fundi hachungulii ncha hizo, kwa maana mwanga upitao humo hauonekani, nao waweza kuharibu macho. Vipande vilivyokatwa huvitia chupani kimoja kimoja, kwani kikizama kidoleni ni taabu kukitoa. Na chupa hiyo haiachwi mahali watoto wachezapo.