Oktoba, Ingieni Porini

Oktoba ndio mwezi wa joto kali kuliko yote Tabora. Visima vimepungua maji, njia ni vumbi tupu, na mvua ya maana haijaonekana tangu Aprili au Mei. Mwenye uwezo wa kukaa kivulini hukaa. Hata hivyo, kila anayeniuliza lini aje kutembea kwa miguu katika mkoa huu namjibu vilevile: njoo Oktoba, toka mjini alfajiri, ingia porini. Ndizo wiki ambazo miombo hubadilika rangi, na kwangu mimi hakuna majira mengine ya mwaka yanayozishinda kwa uzuri.

Tafuta mahali penye mitundu mingi. Huu ni mmoja wa miti inayotawala pori la Unyamwezi, na majani yake machanga hayatoki ya kijani. Hutoka mekundu yaliyoiva, yakawa rangi ya shaba, yakafifia kuwa ya waridi na kahawia, ndipo yakaingia kijani baada ya wiki mbili tatu. Kila mti una siku zake. Ukisimama juu ya kilima cha mawe utaona mteremko mmoja umebeba rangi zote kwa pamoja, huku mti wa jirani yake ungali uchi.

Waingereza nao husafiri mwezi huohuo kwenda mashambani kuangalia majani mekundu. Lakini jani lao jekundu linaaga. Baridi inakaribia, mwanga wa jua unapungua, mti unavuta chakula chake kutoka kwenye jani na kuliachia lianguke. La Tabora ndiyo kwanza limezaliwa.

Mgeni huuliza, na ana haki ya kuuliza: maji yametoka wapi, nchi imekauka hivi? Miti mingi ya miombo ilikwisha kupukutisha majani ya zamani mnamo Agosti na Septemba, ikaacha kupoteza maji hewani. Akiba iliyobaki kwenye shina, pamoja na ile ambayo mizizi mirefu huifuata chini sana ardhini, hutosha kuchipusha majani mapya siku zinapoanza kupata joto. Hesabu yake ni ya busara. Tabora ina msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, na mti unaongoja mvua ndipo uchipue utapoteza wiki nzuri za mwanzo. Mtundu huipokea mvua ukiwa na majani tayari. Na ule wekundu ni kinga: rangi ya jamii ileile iliyomo kwenye rozela hulikinga jani laini na jua kali, na wataalamu wengi wanaamini kwamba huwapunguzia wadudu hamu ya kulila.

Ukitembea siku hizo, sikiliza pia. Maganda makavu ya mbegu hupasuka kwa mlio mkali na kuzirusha mbegu mbali na mti mama. Mninga nao, ambao wengi wetu tunaujua kwa vitanda na milango tu, hutoa maua ya manjano kabla ya mvua, kwa muda mfupi mno. Anayeyakosa atangoja mwaka mwingine.

Kwa safari ya siku moja napendekeza Kwihara, kusini-magharibi ya mji, mwendo wa saa moja na nusu hadi mbili kwa miguu. Pale lipo tembe la Livingstone, nyumba ya udongo yenye paa bapa iliyojengwa upya, ambayo sasa ni makumbusho. Wasafiri Livingstone na Stanley waliingia Unyanyembe, yaani nchi hii ya Tabora, tarehe 18 Februari 1872. Stanley akaondoka tarehe 14 Machi kurudi pwani. Livingstone akabaki mpaka tarehe 25 Agosti, akiwangoja wapagazi ambao Stanley alimtafutia pwani.

Tarehe za namna hii ni kalenda ya mvua kwa anayejua kuzisoma. Wapelelezi Burton na Speke walifika hapa Kazeh, yaani Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, masika yakibisha hodi. Speke alitoka tena Julai 1858 kwenda kaskazini, akaliona ziwa aliloliita Victoria, akarudi kabla ya Agosti kwisha. Safari nzima ilikuwa ya kiangazi. Livingstone aliyeondoka Agosti alikutwa na mvua kwenye vinamasi vya Bangweulu, akafia huko Mei 1873. Wanyamwezi, ambao upagazi ulikuwa kazi yao ya kujivunia, walilijua jambo hili bila kuambiwa. Walivuna kwanza, kisha wakashika njia ya pwani wakati nchi imekauka, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili hivi, kama kilo 32. Walianza mwendo alfajiri na kupiga kambi kabla jua halijawa kali. Ratiba hiyo ingali bora kwa mtembezi wa leo.

Njiani kwenda Kwihara angalia ardhi inavyoshuka. Juu ni mchanga mwepesi na miombo. Chini ni mbuga, bonde bapa la udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Oktoba utavuka kwa kuruka nyufa. Februari maji yatakufika magotini, na mahali pengi utakuta majaruba ya mpunga. Kumbuka pia kwamba katika njia hizihizi, pamoja na wapagazi waliolipwa ujira, walipita watu waliofungwa minyororo wakipelekwa kuuzwa. Mandhari hii haitazamwi kwa haki bila kuwakumbuka.

Mvua za kwanza zikishanyesha, macho yahamie chini. Uyoga huchomoza kila mahali, na akina mama huupanga kwenye mabeseni kando ya barabara. Si bahati kwamba uyoga mwingi unaota chini ya mitundu: nyuzi zake zimeungana na mizizi ya miti hiyo, zikiipa madini na maji zinayoyafyonza kwenye mchanga maskini, nazo zikilipwa sukari inayotengenezwa na majani. Msitu ukikatwa, uyoga huo nao hutoweka. Usichume kwa kubahatisha, maana ipo aina inayoua inayofanana na inayoliwa. Nunua kwa wanaoujua. Wakati huohuo maembe yanaanza kuiva, na ile miembe mikubwa ya Tabora na Ujiji ni urithi wa zama za misafara, iliyopandwa kwa kivuli na matunda.

Januari hadi Machi, mbuga zikiwa zimejaa maji, sishauri kwenda mbali. Bwawa la Igombe, kaskazini ya mji, linatosha kwa anayependa ndege.

Juni na Julai hewa ni safi, asubuhi ina baridi ya kuhitaji sweta, na ni wakati wa asali. Nyuki wamekwisha kula maua ya muva yaliyochanua mwishoni mwa mvua, na warina asali wanaelekea kwenye mizinga. Ukimpata mmoja akubali kufuatana nawe, umepata mwalimu: atakuonyesha miti ya mtonga na mbula, na njia isiyo na mbung'o. Vaa nguo za rangi iliyopauka, kwa kuwa mbung'o huvutwa na buluu na nyeusi, na katika mapori ya Urambo na Kaliua malale yana historia ndefu. Beba michembe au matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na maji mengi kuliko unavyodhani. Ukitaka kuingia msitu wa hifadhi, pitia kwanza ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS).

Limebaki suala la moto. Pori la miombo huungua karibu kila mwaka, na tofauti iko kwenye mwezi. Moto wa Mei au Juni hukuta nyasi zina unyevu bado. Huenda polepole, hupita chini na kuiacha miti salama. Moto wa Septemba au Oktoba huruka hadi matawini na kuteketeza chipukizi zilezile nyekundu ulizozifuata. Kwa hiyo kabla ya kupanga safari uliza kijijini pori limechomwa lini. Likiwa limechomwa mapema, nenda bila wasiwasi: nyasi ni fupi, nyoka anaonekana, na matawi yako salama. Likiwa halijachomwa na upepo ni mkali, chagua njia nyingine siku hiyo, na sigara au moto wa chai usiuwashe hata kidogo.