Redio Mpya Katika Gari la Kale

Gari likitunzwa vema huishi kuliko redio yake. Land Rover iliyoundwa katika miaka ya 1960 bado yaweza kupanda milima, hali redio iliyofungwa ndani yake ilikwisha nyamaza zamani. Ndipo mwenye gari huenda kwenye maduka ya vipuri vilivyotumika, akapata redio ya kiwandani iliyong'olewa katika Toyota iliyotoka Japani, akataka iunganishwe. Kazi hiyo huonekana ndogo: kufunga waya kwa waya. Lakini waya mmoja ukikosewa huunguza redio, na mwingine ukikosewa waweza kuteketeza gari zima. Makala haya yanaeleza sababu, na kuonyesha kwamba umeme unaofundishwa katika shule za sekondari unatosha kuzuia hasara hiyo.

Rangi moja, maana mbili

Katika magari ya Uingereza ya zama hizo, waya wa rangi ya kahawia huchukua umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, na kwa kawaida haupiti katika fyuzi yoyote. Katika redio nyingi za kiwandani za Toyota, waya wa kahawia ni wa ardhi, yaani ule unaorudisha mkondo kwenye bodi ya gari. Basi mtu akifunga kahawia kwa kahawia, akidhani kwamba rangi ni lugha moja duniani kote, huwa ameiunganisha betri na bodi kupitia kasha la redio.

Tupime matokeo yake kwa Kanuni ya Ohm. Tuseme ukinzani wa njia nzima ni omu 0.05. Betri ya volti 12 itasukuma mkondo wa ampea 240, na joto litakalozalika ni wati 2,880, karibu sawa na pasi tatu za umeme zikiwashwa pamoja nyuma ya dashibodi. Mpira wa waya huyeyuka kwa muda mfupi sana, na penye mafuta ya petroli jambo hilo si la mzaha.

Hapa twajifunza mambo mawili. Kwanza, rangi ya waya si ushahidi. Ushahidi ni kipimo cha mita. Pili, waya mpya wa kulisha redio lazima uwe na fyuzi yake, tena iliyowekwa karibu na mahali umeme unapotokea. Fyuzi iliyo nyuma ya redio hailindi waya ulio kati yake na betri.

Bodi ni chanya au hasi?

Swali la pili ni la zamani zaidi. Katika kila gari ncha moja ya betri hufungwa kwenye bodi. Magari ya leo hufunga ncha hasi. Magari mengi ya Uingereza ya miaka ya 1950 na 1960 yalifunga ncha chanya, na Land Rover zilikuwa hivyo hadi kama mwaka 1967. Redio ya kisasa imeundwa kwa kudhani kuwa bodi ni hasi, na kasha lake la chuma limeunganishwa na upande huo. Ukiifunga katika gari ambalo bodi yake ni chanya, utakuwa umeipa umeme kinyume. Transista hazivumilii jambo hilo.

Njia iliyo safi ni kuligeuza gari lenyewe. Mwanafunzi aweza kushangaa kwamba mota ya kuwashia injini haitazunguka kinyume. Sababu ni kwamba usumaku wa mota hiyo hutokana na mkondo uleule unaopita katika rota yake. Vyote viwili vikigeuka pamoja, mwelekeo wa msukumo hubaki ulivyokuwa. Dainamo ni kisa kingine. Yenyewe hutegemea usumaku mdogo uliobaki katika chuma chake ili ianze kuzalisha umeme, na usumaku huo lazima ugeuzwe kwa kugusisha mkondo wa betri mpya kwa nukta chache kwenye waya wa sumaku zake. Nyaya za koili na za mita ya ampea nazo hubadilishwa. Ni kazi ya fundi mzoefu, na ifanywe kabla redio haijaingia garini.

Milango miwili ya umeme

Redio za kale ziliwashwa kwa swichi moja. Redio ya kiwandani ya kisasa huhitaji njia mbili za umeme: moja isiyokatika kamwe, inayolinda kumbukumbu ya vituo na saa, na nyingine inayofunguliwa na ufunguo wa gari. Zikibadilishana nafasi, redio husahau vituo kila ufunguo unapotolewa. Zote mbili zikifungwa kwenye njia isiyokatika, redio yaweza kubaki macho usiku kucha na kuimaliza betri.

Hata kumbukumbu pekee ina gharama. Ikiwa yanywa miliampea 10, kwa siku 30 itakuwa imetumia ampea-saa 7.2. Gari la kila siku halitahisi. Gari linalolala miezi mitatu bila kuwashwa litakuwa limepoteza zaidi ya theluthi moja ya betri ya ampea-saa 60. Kwa sababu hiyo yafaa kuweka swichi ya kukatia betri, mradi redio isiwe ya kudai namba ya siri kila inapokosa umeme. Redio nyingi za kiwandani hudai namba hiyo ili kuwakatisha tamaa wezi. Kwa hiyo mnunuzi aombe namba na risiti papo hapo dukani.

Spika haziguswi na bodi

Katika magari ya kale, spika mara nyingi ilipata waya mmoja, na mkondo ukarudi kwa njia ya bodi. Kipaza sauti cha redio ya leo husukuma nyaya zote mbili za spika: moja ikipanda, nyingine hushuka. Redio ikiwa kimya, kila mmoja huwa na karibu nusu ya volti za betri ukipimwa dhidi ya bodi. Waya wowote kati ya hizo ukigusa bodi, kipaza sauti huwa kimefungwa mfungo mfupi. Kwa hiyo kila spika ipewe nyaya zake mbili, na spika ya kale itolewe ikiwa ukinzani wake ni mdogo kuliko ule ulioandikwa kwenye redio, ambao kwa kawaida ni omu 4.

Nguvu na kelele

Dainamo nyingi za magari hayo zilitoa ampea 20 hivi, tena injini ikienda kasi. Taa mbili kubwa za wati 45 hula ampea 7.5, na koili huongeza ampea chache. Redio yenyewe hutoshea katika salio hilo, lakini kipaza sauti kikubwa cha ziada hakitoshei. Injini ikinguruma polepole, dainamo haichaji kabisa, na muziki wote hulipwa na betri.

Cheche za brashi za dainamo na za plagi nazo husikika redioni kama mkwaruzo. Kapasita ya mikrofaradi 1 hufungwa kati ya waya mkuu wa dainamo na bodi. Isifungwe kwenye waya wa sumaku, kwani huko huharibu kidhibiti.

Redio inayongoja amri

Mwisho, zipo redio ambazo hata zikipewa umeme sahihi haziwaki. Katika magari mengi ya Ulaya ya karne hii, habari kwamba ufunguo umegeuzwa haiji kwa waya wa volti 12, bali kwa ujumbe wa tarakimu unaopita katika nyaya mbili zinazotumiwa na vifaa vyote. Land Rover ya kale haina wa kutuma ujumbe huo, hivyo huhitajika kisanduku cha kuuiga. Afadhali kuchagua redio inayowashwa kwa waya.

Redio ya Japani nayo ina kasoro yake kwetu: nyingi hupokea FM ya megahezi 76 hadi 90, na mpya zaidi hadi 95, hali vituo vyetu hupatikana kati ya 88 na 108. Kifaa cha kushusha masafa husaidia, lakini upana wa megahezi 20 hauwezi kuingia wote katika 14.

Mwalimu aliye na redio mbovu darasani aweza kufanya jaribio rahisi. Redio ikiwa mezani bila umeme, wanafunzi wapime ukinzani kati ya kasha na kila ncha ya soketi. Ile inayosoma karibu na sifuri ndiyo ardhi. Kisha wafunikue waya wake na kutazama rangi. Wengi watakuwa wamebahatisha nyeusi.