Sekunde Nne za Guka

Kwa keja yetu kuna muvi moja tu ikichezwa lazima kila mtu anyamaze, na mabeshte wangu wakiskia ni gani hudhani nawacheza. Out of Africa. Manze, hiyo ya 1985. Karibu masaa matatu ya wazungu wakipendana, kahawa ikikataa kuzaa, ndege ikianguka. Lakini ngoja Karen, yule mzungu mwenye stori, ashuke kwa treni aingie Nairobi. Kamera inapita kati ya watu, na hapo kando kuna msee ako na gunia begani. Anageuka, anacheki upande wake wa kulia, halafu farasi inamfunika. Sekunde nne, nimehesabu.

Huyo msee ni guka yangu.

Alidedi nikiwa mtoi. Picha zake ziko mbili, ya kipande na ya harusi, na zote ameganda tu. Mahali pekee nimewahi muona akisonga ni hapo kwa muvi. Buda hubonyeza rimoti, guka anasimama na gunia yake, cucu anasogeza kiti karibu na skrini. Halafu tunaendelea. Hiyo ndio Krismasi yetu, na Pasaka, na siku yoyote cucu ametutembelea kutoka Dagoretti.

Sasa mwezi jana sistee, ako na miaka tisa, akauliza swali hatukuwahi kuuliza. "Kwani guka alikuwa amesimama wapi?"

Buda akanicheki, mimi nikacheki mathe. Cucu akasema, "Mimi najua. Nipelekeni."

Jumamosi saa moja asubuhi tulikuwa ndani ya Probox ya jirani. Buda kwa usukani, cucu mbele na leso yake mpya, mathe nyuma amekumbatia hotipoti ya chapo na njahi. Mimi na sis tumebanana na mkeka. Cucu ako na miaka themanini na kitu, magoti yanamsumbua, kwa hivyo mambo ya kubadilisha mat tuliyaweka kando.

Tulianzia tao, Railway Museum, juu sis alitaka treni kwanza. Iko hapo, ile ya muvi. Stori yake ilinibamba vibaya. Mwaka wa 1985 Kenya haikuwa na treni ya moshi inaweza kutembea, so hiyo unaona ikipasua savana na moshi mweusi haikuwa inajiendesha. Kulikuwa na injini ya dizeli nyuma yake, imefichwa ikakaa behewa la mizigo, ndio ilikuwa inaisukuma. Sis akaweka kiganja kwa chuma, akakiacha hapo kitambo. "Kwa hivyo ilikuwa inaigiza pia," akasema. Ni hivyo tu.

Kutoka hapo tukashika Langata Road mpaka mtaa wa Karen, kwa nyumba ya huyo Karen wa muvi. Hapa nibonge pole pole, juu hapa ndio familia yetu inaingia kwa stori.

Nyumba yenyewe ilijengwa 1912. Karen Blixen, yule Mdenishi, aliishi ndani kutoka 1917 mpaka 1931, shamba lilipoanguka. Hapo ni juu sana na ni baridi sana kwa kahawa, lakini waliipanda ekari mia sita. Wadenishi waliinunua hiyo nyumba baadaye wakaipatia Kenya kama zawadi ya uhuru, na muvi ilipowaka dunia nzima, ikafunguliwa kama makumbusho 1986. Muvi yenyewe ilikuwa imebeba Oscar saba mwaka huo. Wageni wengi hufikiri walishutia ndani ya hii nyumba. Zii. Walitumia nyumba ingine, hapo hapo Karen. Lakini vitu kadhaa vya muvi vililetwa hapa vikabaki, na ukipita vyumbani unaona mabuti na nguo za kupandia farasi za wale waigizaji, zimepangwa kama mwenyewe anarudi jioni.

Sis alikuwa anatafuta saa yenye kadege. Karen kwa kitabu chake anasema watoto wachungaji walikuwa wakija nyumbani saa sita mchana na mbuzi zao, wanasimama wamenyamaza, kadege kanatoka kanalia, wanacheka, wanaenda. Cucu aliposkia nikimsomea sis hiyo stori akasema, bila kugeuka, "Babake guka yako alikuwa mmoja wao."

Hakuna aliyeongea. Mathe ndio alikuwa wa kwanza kuuliza. "Mama, hujawahi kutuambia."

"Hamkuwahi kunileta hapa."

Hivyo ndio nilipata kujua. Hilo shamba lilikuwa na Wagikuyu waliokuwa wakiishi humo, wanalima vishamba vyao na kulipa kwa kuchuma kahawa ya mwenyewe. Ardhi ilikuwa ya babu zao, lakini kwa karatasi walikuwa wapangaji. Shamba lilipouzwa 1931 waliambiwa watoke. Karen aliwasumbua wakubwa wa serikali mpaka wakapewa mahali pa kukaa pamoja, kwa msitu wa Dagoretti. Hiyo sehemu namheshimu, lazima niseme. Lakini nilisimama kwa hiyo veranda nikicheki nyasi imekatwa vizuri, nikawaza: kwetu Dagoretti, mahali tunaita nyumbani, tulifika tukifukuzwa kutoka hapa. Guka alibebwa mgongoni akiwa mtoi mchanga. Na miaka hamsini na kitu baadaye, wasee wa muvi walipokuja kutafuta watu wa kuigiza watu wa hilo shamba, walichukua mpaka watoto na wajukuu wa wale wenyewe waliotajwa kwa kitabu. Guka akaenda akaigiza mtu wa rika la babake.

Huko nje kwa miti kuna mtambo wa zamani wa kahawa umeshikwa na kutu. Cucu aliupita bila kuangalia. Alienda kwa kahawa moja iliyomea kando, akavua bangili, akapitisha vidole kwa matawi vile wachumaji hufanya, haraka, kutoka ndani kuja nje. Mkono ulikumbuka. Haikuwa na matunda.

Tulidishi Ngong Hills, mkeka chini, upepo ukijaribu kuiba chapo. Ngong inakaa ngumi, vifundo vinne, na kwa muvi inatokea nyuma karibu kila dakika. Leo ungelenga kamera huko juu ungepata mafeni makubwa meupe ya stima yakizunguka, yale ya KenGen. Mimi nayapenda. Upande wa mashariki wa hivyo vilima ndio kuna kaburi la Denys Finch Hatton, yule jamaa mwigizaji Redford alimcheza kwa muvi, ndege yake ilianguka Voi mwezi wa tano 1931. Mawe yamejengwa kama mnara mdogo, kakake alimwekea. Tulienda dakika chache tu. Cucu alisema pole kwa kaburi, kwa Kikuyu, vile husema kwa kaburi lolote, halafu akataka kuenda.

"Jua linashuka," akasema. "Na bado hatujafika kwa mzee."

Ile Nairobi ya zamani unaona kwa muvi, na maduka ya mabati na matope na mikokoteni, ilijengwa upya pande za Langata. Mtaa mzima. Halafu kamera zikapakiwa na mtaa ukaishia. Cucu alimwongoza buda kwa kidole: kata hapa, rudi, songa, hapana umepita. Tuliingia barabara ndogo ya vumbi yenye ua mrefu wa kei-apple pande zote mbili, kila geti na soja wake. Hakuna kibao. Hakuna kitu. Buda alianza kusema labda ni barabara ingine.

"Simamisha."

Alishuka mwenyewe, akashika mlango, akageuka mpaka vile vifundo vinne vya Ngong vikakaa kati ya miti miwili vile alitaka. Akahesabu hatua kumi na moja. Akanielekezea kidole.

Lazima nieleze. Mimi ndio kifungua mimba wa buda, kwa hivyo nina jina la guka, na kwa mila yetu cucu huniita bwanake tangu nikiwa kwa nepi.

"Mzee wangu, kuja usimame hapa."

Nikasimama. Mathe, bila kuambiwa, akanipea ile begi ya mkeka. Nikaiweka begani kama gunia. Sis akatoa simu ya buda.

"Sasa geuka. Angalia kulia."

Nikageuka.

"Hapana, si huko juu. Chini kidogo. Hapa." Alikuwa amesogea kando ya ua, amesimama na mikono miwili mbele kama ameshika kitu. "Walikuwa wamefunga kamba, sisi tunakaa huku nje. Siku hiyo waliwaweka tangu saa kumi na moja asubuhi na alikuwa hajakula. Nilikuwa nimemletea githeri kwa kibuyu. Waliambiwa wasiangalie kando, waangalie mbele tu. Yeye akaangalia."

Miaka hiyo yote nilifikiria anacheki farasi.

Sis alikuwa bado anarekodi. Soja wa geti ya karibu alitoka, akatuona, nafikiri alitaka kuuliza tunafanya nini, lakini alivua kofia akamsalimia cucu, "Shikamoo mama," akarudi ndani. Buda alikuwa ameegemea Probox, ameshika funguo, na hakufungua mlango mpaka cucu aliposema amechoka kusimama.