Unauza Altezza uchukue Noah? Malizia kwenye kadi

Toyota Altezza, iliyotoka Japani mwaka 1998, ina siti tano. Baba, mama na watoto watatu wameshajaa. Bibi yao akitaka kutoka Tarime kwenda Mugumu, abaki? Ndiyo maana ndinga uliyoishusha na kuifunga rimu kali inaipisha Noah yenye siti nane.

Inauma, lakini kuna kosa linalouma zaidi: kuuza bila kubadili umiliki TRA. Mkataba wa mauziano pekee hautoshi. Kadi ikibaki na jina lako, faini zitaendelea kusoma kwako, na gari ikisababisha ajali, polisi wataanza na wewe.

Ulibadili rangi au injini? Rekebisha kadi kwanza, mnunuzi asikwame.