Pazia la sekunde moja: kubadilisha picha katika ibada inayorushwa kwa simu

Wengi wanaofuata ibada zetu kwa simu hawajui kwamba nyuma ya kanisa kuna ndugu aliyekaa mbele ya kompyuta, akichagua picha ipi itoke na ipi ingoje. Hawahitaji kumjua. Humjua siku anapokosea.

Sisi tulikosea siku ya kumzika mama mmoja wa parokia yetu. Watoto wake wawili walikuwa Uganda na hawakuweza kufika, kwa hiyo walifuata ibada kwa simu. Juma lililotangulia tulikuwa na sikukuu ya korali. Kwa sikukuu hiyo tulikuwa tumetengeneza kipande kifupi cha video, utepe wa dhahabu wenye nyota, ambao ulipita juu ya picha kila tulipotoka kamera moja kwenda nyingine. Hatukukumbuka kuuondoa. Basi kati ya picha ya jeneza na picha ya jamaa waliokaa mbele, utepe ule ukapita ukimeremeta, pamoja na sauti yake ya kengele. Ndani ya kanisa hakuna aliyeuona. Watoto wale waliuona. Jioni kijana mkubwa alituandikia maneno mawili: "Kwa nini?"

Tunaandika makala haya kwa ajili ya vijana wote wanaohudumu kwenye meza ya picha, Rutshuru na kwingineko, ili waelewe chombo hiki kinavyofanya kazi na mahali pake katika ibada.

Kwa nini tunarusha ibada

Mwezi wa Machi 2020 serikali ya Kongo ilifunga makanisa kwa sababu ya Korona, na yalifunguliwa tena Agosti. Katika miezi ile vijana wengi walijifunza kurusha mahubiri kwa simu. Kwa upande wa Rutshuru, sababu nyingine ikaongezeka. Vita viliporudi mwaka 2022, familia ziligawanyika. Wengine walivuka mpaka wa Bunagana kuingia Uganda, wengine walifuata barabara ya Goma, karibu kilomita 70, hadi Kanyaruchinya walikojenga vibanda vya hema, na wengine walibaki nyumbani. Parokia moja ikawa na wakristo wake mahali pengi. Kwa hao walio mbali, ibada kwenye simu si mapambo. Ni kiti chao kanisani.

Video yenye uwazi ni nini?

Tunatumia OBS Studio, programu ya bure ya kuchanganya picha na kuzirusha moja kwa moja. Ndani yake kila mpangilio wa picha ni mandhari: mhubiri ni mandhari moja, korali ni nyingine, maneno ya wimbo ni nyingine. Kutoka mandhari moja kwenda nyingine tunaita mpito. Mpito wa kwanza ni kukata: picha moja inatoka na nyingine inaingia papo hapo. Wa pili ni kufifiza: ya kwanza inayeyuka ndani ya ya pili. Wa tatu huitwa stinga, na huo ndio wenye utepe wetu.

Kila nukta ya picha kwenye kompyuta, yaani pikseli, ina namba tatu: ya wekundu, ya kijani na ya buluu, na kila moja huanzia 0 hadi 255. Video yenye uwazi huongeza namba ya nne, inayoitwa alfa. Alfa ikiwa 0, nukta ile haionekani na picha ya chini yake hupita yote. Ikiwa 255, imefunika kabisa. Ikiwa karibu na 128, ni kama pazia jembamba la dirishani: unaona pazia, na unaona pia kilicho nyuma yake.

Stinga huanza ikiwa wazi kabisa, kwa hiyo mtazamaji bado anaona mandhari ya kwanza. Utepe unaingia na kujaza kioo chote kwa muda mfupi. Ndipo programu hubadilisha mandhari chini yake. Utepe unatoka upande wa pili na kuacha mandhari mpya. Ni kama akina mama wawili wanaoshika kitenge ili mwenzao abadilishe nguo nyuma yake. Kitenge kikishushwa mapema, aibu ni ya wote.

Mahali pa kubadilisha

Kwa hiyo jambo la kwanza la kupanga ni wakati wa kubadilisha. OBS inakuomba uuandike kwa milisekunde au kwa namba ya fremu. Vijana wengi hubahatisha hapa, na matokeo ni picha inayoruka kabla utepe haujafunika.

Tufanye hesabu pamoja. Video ikiwa na fremu 25 kwa sekunde, kila fremu hudumu milisekunde 40. Ifungue video yako katika programu inayosogea fremu kwa fremu. Andika fremu ya kwanza ambayo kioo chote kimefunikwa, na ya mwisho. Katika utepe wetu zilikuwa fremu ya 15 na ya 21, yaani milisekunde 600 hadi 840. Tulichagua katikati: fremu ya 18, milisekunde 720. Katikati ni salama kwa sababu kompyuta dhaifu inaweza kuchelewa fremu moja au mbili. Kama video yako haifuniki kioo chote hata kwa fremu moja, hakuna namba itakayokusaidia. Itengeneze upya.

Mambo yanayoharibu kazi

Kosa linaloonekana zaidi ni faili isiyobeba alfa. Kijana anatengeneza utepe mzuri, anauhifadhi kama MP4 ya kawaida yenye kodeki ya H.264, na siku ya ibada weusi unafunika kioo chote. Kodeki hiyo, jinsi inavyotumika kwa kawaida, haina nafasi ya ile namba ya nne, basi uwazi hupotea na weusi hubaki. Tumia WebM yenye kodeki ya VP9, au MOV yenye ProRes 4444. MOV ni nzito; WebM ni nyepesi na inatosha kwa kazi yetu. Ukiwa na MOV, unaweza kuigeuza kwa FFmpeg, nayo ni ya bure. Chagua VP9 na muundo wa pikseli uitwao yuva420p. Ile herufi "a" ndiyo inayobeba alfa. Wanaotumia Resolume wanayo kodeki yake, DXV, ambayo pia huhifadhiwa pamoja na alfa.

Kosa la pili ni ukingo mweusi kuzunguka utepe, kama masizi. Hutokea pale rangi zilipozidishwa na alfa wakati wa kuhifadhi, kisha programu ya kurusha ikazizidisha tena. Rudi katika programu uliyotengenezea, uhifadhi upya kwa alfa iliyotengwa na rangi.

Kosa la tatu ni uzito. Fremu moja ya 1920 kwa 1080 yenye namba nne kwa kila nukta ni baiti zaidi ya milioni 8. Sekunde moja ya fremu 25, kabla ya kubanwa, ni karibu megabaiti 207. Ukitumia 1280 kwa 720 inashuka hadi megabaiti 92 hivi. Simu ya mkristo wetu haitaona tofauti kubwa, lakini kompyuta yako itapumua. Ijaribu pia ikiwa kwenye betri. Rutshuru tuna umeme wa maji wa Matebe, kituo cha megawati 13.8 kilichozinduliwa Desemba 2015, lakini kompyuta ya kubebwa ikichomolewa ukutani mara nyingi hupunguza nguvu yake yenyewe ili kulinda betri, na stinga iliyopita vizuri asubuhi inaanza kukwama.

Sauti na mega

Stinga inaweza kuwa na sauti yake. Sisi sasa tunaiondoa. Zaidi ya hayo, kipaza sauti cha mhubiri kiwekwe katika mipangilio ya sauti ya jumla ya OBS, si ndani ya mandhari moja. Kikiwa ndani ya mandhari moja, kila unapobadilisha picha sauti nayo hushuka na kupanda, na neno la Mungu linakatika katikati.

Tuwafikirie pia wanaonunua mega. Ibada ya saa mbili inayorushwa kwa kilobiti 1,500 kwa sekunde inakula karibu gigabaiti 1.35 za mtazamaji. Ukishuka hadi kilobiti 800, ni karibu megabaiti 720. Kwa mama aliye kambini, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama atabaki mpaka baraka ya mwisho au ataondoka wakati wa matangazo.

Sasa, video inabanwa kwa kutuma hasa yale yaliyobadilika kutoka fremu moja hadi nyingine. Mhubiri akiwa amesimama, kinachobadilika ni kidogo. Stinga hubadilisha kioo chote mara moja, na kama kiwango ulichopanga hakiongezeki, picha ndiyo inayovunjika kuwa miraba. Nyota, moshi na vimulimuli huvunjika zaidi. Utepe mpana wa rangi moja, wenye kingo safi, hupita vizuri hata kwa intaneti dhaifu. Usizidi sekunde moja na nusu.

Wakati wa pazia na wakati wa kukata

Hayo yote kijana mwenye bidii atayajifunza kwa Jumamosi mbili. Lililotuchukua muda mrefu zaidi ni kujua wakati.

Stinga inamwambia mtazamaji: sehemu moja imeisha, nyingine inaanza. Basi iache kwa nafasi hizo: kutoka makaribisho kwenda korali, kutoka korali kwenda matangazo, kutoka shule ya Jumapili kwenda ibada kuu. Wakati wa maombi, wa toba, wa Meza ya Bwana na wa mazishi, hakuna sehemu inayoanza. Watu wako mbele za Mungu. Hapo kata tu, au fifiza polepole.

Na kuna wakati ambapo stinga ni hatari. Katika eneo letu si kila uso unafaa kuonekana. Mtu anasimama kutoa ushuhuda wa aliyoyapitia, au watoto waliopokelewa na familia za kanisa wanapita mbele ya kamera. Ukiona hivyo, toka mara moja. Stinga yetu ingemwacha mtu yule kioo kwa hadi milisekunde 600 zaidi, fremu 15, kabla ya kumfunika kabisa, na fremu moja inatosha kwa mtu anayetaka kuihifadhi. Kwa sababu hiyo tumepanga kitufe kimoja cha kibodi kinachokata bila mpito wowote kwenda kwenye picha ya Biblia iliyofunguliwa. Kila anayekaa mezani hujifunza kitufe hicho kabla ya kujifunza kingine chochote. Lililo bora zaidi ni kuongea na wazee wa kanisa kabla ya ibada na kujua nani hapaswi kuonekana.

Kuhusu kosa letu la mazishi, tulipata dawa rahisi. OBS huhifadhi mandhari na mipito pamoja katika mkusanyiko, na unaweza kuwa na mikusanyiko kadhaa. Sasa tunayo mitatu: "Jumapili", "Sikukuu" na "Kilio". Katika "Kilio" hakuna stinga kabisa, kwa hiyo hakuna anayeweza kuibonyeza kwa kusahau. Anayefungua kompyuta husoma jina la mkusanyiko kwa sauti, na mwenzake huitikia.

Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho kuhusu utaratibu wa ibada, hakuwa anawafundisha urembo. Alitaka kila aliyemo ajengwe, hata mgeni anayeingia bila kujua lugha yetu. Nasi tunajiuliza swali hilohilo kabla ya kugusa kitufe: hiki kinamjenga nani? Kama jibu ni sisi wenyewe, ili waseme tunajua kompyuta, tunakiacha.

Yule kijana tulimpigia simu kesho yake, tukaomba msamaha. Hakuongea mengi. Aliomba tumpatie video ya ibada ili awaonyeshe watoto wake bibi yao alivyoagwa. Usiku ule tuliifungua, tukaondoa sekunde moja na nusu ya utepe pamoja na kengele yake, tukaunganisha picha ya jeneza na picha ya jamaa kwa kukata tu. Asubuhi tukamtumia.