Kontena la duka: tulikodi au tulinunue?

Mji wa Tabora haukuanza leo kupima uzito wa mizigo. Kabla ya reli kufika hapa mwaka 1912, misafara iliyotoka Bagamoyo ilitembea miezi mitatu hivi hadi Unyanyembe, na hapo njia zikagawanyika: moja ikaelekea Ujiji, nyingine ikapanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Mpagazi wa Kinyamwezi alijitwika frasila mbili hivi, yaani kilo zipatazo 32. Leo kontena moja la futi 20, lililoundwa kubeba tani zipatazo 28, linameza mizigo ya wapagazi zaidi ya 850. Likishachoka na safari za bahari na reli, huishia kando ya mitaa yetu likiwa duka, ghala, saluni au mgahawa.

Hapo ndipo panapozuka swali ambalo familia nyingi zinajiuliza: kontena la biashara tulikodi au tulinunue? Familia moja ya Isevya, mjini Tabora, ilituruhusu kuketi nayo barazani ilipokuwa ikilijadili jambo hili. Majina yao tunayahifadhi.

Baba wa nyumba hiyo ametangulia mbele ya haki. Mirathi imekwisha kugawanywa: mjane amepata thumni yake, na watoto watatu ambao hawajabaleghe wamepata fungu lao, ambalo limo mikononi mwa baba yao mdogo aliyekubaliwa na ukoo kuwa msimamizi. Mama ni mjuzi wa biashara ya vitenge na mitandio. Fedha za pande zote mbili, zikiunganishwa, zilikuwa shilingi milioni nane. Akajitokeza mtu mwenye kontena karibu na stendi: kulinunua ni milioni sita, kulikodi ni laki moja na nusu kwa mwezi.

“Shemeji,” alisema baba mdogo, “kodi ni maji tunayoyamwaga mchangani. Tukinunua, watoto watakuwa na kitu chao.”

“Ni kweli, shemeji,” alijibu mama. “Lakini likitupata la kutupata, watakaopoteza ni watoto hao hao.”

Wote wawili walikuwa na hoja, na wote wawili walikuwa na hofu moja. Surat an-Nisaa imetoa onyo zito kwa mwenye kula mali ya yatima kwa dhulma. Msimamizi hatakiwi tu kuiepuka mali hiyo. Anatakiwa pia kuilinda isiteketee kwa haraka na kubahatisha.

Mjomba wa marehemu, mzee aliyestaafu kazi ya reli, alikuwa amekaa kimya akivuta tasbihi. Akauliza swali moja tu: “Wanangu, na ardhi lilipokaa hilo kontena ni ya nani?”

Hakuna aliyejua. Tunawasihi wasomaji wetu waanze na swali hilo kabla ya kuuliza bei, kwa sababu kontena hununuliwa peke yake, wala ardhi iliyo chini yake haimo katika bei. Likiwa limewekwa ndani ya hifadhi ya barabara au ya reli, siku ya kuja amri ya kuondoka, mpangaji atahamisha bidhaa zake, lakini mwenye kontena atatafuta winchi, lori na mahali pengine pa kuliweka. Kontena tupu la futi 20 lina uzito wa zaidi ya tani mbili. Halibebwi kwa mkokoteni. Aliyenunua apite kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa na ofisi za manispaa, akahakikishe kuwa mahali hapo panaruhusiwa biashara.

Familia ile ilipofuatilia, ikaambiwa kuwa ardhi ni ya mtu mwingine kabisa, naye hukubali mkataba wa mwaka mmoja mmoja tu, kwa kodi ya shilingi elfu hamsini kila mwezi. Ndipo hesabu ikapigwa upya, nasi tunaiweka hapa ili kila nyumba iweke tarakimu zake.

Kununua kontena ni milioni sita. Kulipamba kwa dirisha, grili, rafu, umeme na rangi, tuseme milioni moja na nusu. Jumla ni milioni saba na nusu. Ukiigawa kwa kodi ya laki moja na nusu, unapata miezi 50. Lakini mnunuzi huyu angeendelea kulipa elfu hamsini za ardhi, ambazo mpangaji halipi, kwa kuwa kwake zimo ndani ya kodi. Basi anachookoa kila mwezi ni laki moja tu, na miezi 50 inageuka kuwa 75, yaani miaka sita na robo. Ni kweli kwamba kontena lililotunzwa huweza kuuzwa tena, na thamani hiyo itolewe katika hesabu. Lakini nani anaweza kupanga miaka sita juu ya ardhi ya mkataba wa mwaka mmoja?

Kuna hesabu nyingine iliyo chungu zaidi. Katika milioni nane, wakinunua watabakiwa na laki tano za kujaza bidhaa. Duka la chuma lililo zuri, lakini tupu. Wakikodi kwa kulipa miezi sita kwa mkupuo, laki tisa zitatoka, na baada ya kuweka rafu chache watabakiwa na zaidi ya milioni sita za kununulia vitenge.

Hatusemi kununua ni kosa. Jirani yao, mfanyabiashara wa asali, alinunua kontena akaliweka katika kiwanja chake mwenyewe, nyuma ya nyumba. Hana kodi ya ardhi, ana matumizi ya mwaka mzima, na hakugusa mtaji wa kununulia asali. Kwake yeye kukodi ndiko kungekuwa kumwaga maji mchangani. Hata zama za misafara mambo yalikuwa hivyo. Pale Kwihara, nje kidogo ya mji, lipo tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi kutoka pwani. Yeye alikuwa mpita njia, hakujenga. Waliojenga matembe yenye kuta nene za udongo ni wafanyabiashara walionuia kukaa miaka.

Kwa atakayenunua, yapo ya kukagua. Aingie ndani, afungiwe milango mchana, atazame juu: kila nukta ya mwanga ni tundu la mvua ya masika. Achunguze kutu kwenye pembe na chini ya sakafu. Sakafu za mbao za makontena hutiwa dawa za kuua wadudu, hivyo mchele na unga visilazwe juu yake bila ubao wa kuinulia. Aagize matundu ya hewa, kwa maana joto la Septemba na Oktoba ndani ya chuma si joto la ndani ya tembe. Tena aulize hati za forodha: makontena mengi huingia nchini kwa safari, si kwa kukaa, na lisilolipiwa ushuru linaweza kumletea mnunuzi matatizo ambayo si yake.

Upande wa sharia, milango yote miwili ni halali. Ijara husihi pale kodi, muda na manufaa yanapojulikana. Wanazuoni wameeleza kuwa matengenezo ya msingi, kama paa linalovuja, ni juu ya mwenye mali, na mpangaji halipi uharibifu ambao hakuusababisha wala kuuzembea. Kununua kwa mkopo wa bei iliyokubaliwa tangu mwanzo kunaruhusiwa kwa kauli ya wanazuoni wengi; nyongeza inayowekwa kwa sababu ya kuchelewa kulipa ndiyo riba. Wanaoshawishiwa na mpango wa kukodi hadi kumiliki wajue kuwa Baraza la Kimataifa la Fiqhi, katika kikao cha Riyadh cha mwaka 2000, liliuwekea masharti: kukodi na kumilikishwa viwe mikataba miwili iliyotengana, na dhamana ya mali ibaki kwa mwenye nayo muda wote wa kukodisha. Na katika zaka, kontena unalofanyia biashara halitolewi zaka. Bidhaa zilizomo ndani ndizo zinazohesabiwa mwaka unapotimia.

Familia ile ilikodi kwa mwaka mmoja. Mkataba uliandikwa mbele ya mashahidi wawili, na kando yake ukaandikwa waraka mwingine unaoonyesha fungu la mama na fungu la kila mtoto katika mtaji na katika faida, kwa kuwa Aya ya 282 ya Surat al-Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an, inahimiza kuandikiana katika mambo ya fedha. Baba mdogo alitia saini wa kwanza.

“Mwaka ukiisha,” alimwambia shemeji yake, “tutakaa tena hapa hapa. Mkiwa na faida, tutafute kwanza kiwanja. Kontena litafuata.”

Mzee wa reli akaitikia, “Inshallah,” akarudi kwenye tasbihi yake.