Pazia la Fundi wa Chiwata

Nyumba za Chiwata, katika Wilaya ya Masasi, hazitofautiani sana kwa sura, wala hii niliyoketi barazani pake isingenishughulisha lau si pazia lililotundikwa mlangoni. Mwenyewe ni fundi cherehani, mama wa makamo, aliyeridhia kuzungumza nami kwa sharti kwamba jina lake lisiandikwe. Pazia hilo limeungwa kwa vipande vya nguo alizowashonea watu miaka nenda miaka rudi, visivyozidi upana wa kiganja, kila kimoja kimepindwa ukingo na kushonwa kwa uzi wa rangi yake, hata upande wa ndani, ambao mgeni hauoni, hauna uzi uliochomoza: hapa buluu ya sketi za shule, pale nyeupe ya kanzu za kwaya iliyokwisha kugeuka manjano, kando yake kitenge cha arusi, na katikati, mahali pa heshima, kipande cha kanga yenye nakshi ya korosho, ambayo katika nchi hii inayokula, kusomesha na kuoa kwa korosho haihitaji kufasiriwa.

Analisoma pazia lake kama daftari. Hiki, asema, ni cha bibi arusi ambaye sasa ana wajukuu. Hiki mwenyewe hajamaliza kulipa mpaka leo. Hachukui kipande bila idhini ya mwenye kitambaa, na wapo waliokataa, kwani kwa itikadi yao nguo ya mtu ni sehemu ya mwili wake. Lakini akikwisha kupewa, ni mali ya nani? Aliulizwa swali hilo na mteja mmoja, naye akacheka tu.

Ndani hamna cha ziada. Ruwaza za magauni, zilizokatwa kwa magazeti ya zamani, zimetungikwa msumarini kwa taratibu ya ukubwa. Kioo ni kimoja, nacho kiko barazani kwa ajili ya wateja. Hapendi marinda, wala mapambo yasiyo na kazi; nguo njema, kwa kauli yake, ni ile inayomruhusu mwenyewe kuinama shambani isipasuke, na nyumba njema kadhalika.

Kwa kuwa alitaja nyumba njema, nilimwonyesha katika simu picha za nyumba ya Alan Donovan, msanifu wa Kimarekani wa vito na mavazi aliyefika Kenya mwaka 1970, akaasisi African Heritage pamoja na Joseph Murumbi, aliyepata kuwa Makamu wa Rais wa nchi hiyo, kisha akajijengea, mkabala na Mbuga ya Taifa ya Nairobi, maskani yaliyofuata mfano wa majengo ya udongo ya Afrika Magharibi na yale ya mwambao wetu, yakasheheni vitambaa, shanga na vinyago vya bara zima. Alifariki humo mwaka 2021.

Mama fundi alizitazama picha kwa makini yasiyo na husuda. Alisifu kuta. Aliuliza nani huzikandika baada ya masika, na mtu yule alikuwa akikaa wapi anapofanya kazi, maana haoni uchafu wa kazi popote. Kisha akarudi kwenye picha ya chumba kilichotandazwa vitambaa, akanyamaza kitambo, akauliza iwapo waliovifuma wanajua kwamba vimo mle. Sikuwa na jawabu. Nyumba ya Donovan naiona ni ya mtu aliyependa kwa dhati alichokikusanya. Lakini ya Chiwata, ambayo haitapigwa picha na mtalii yeyote, inawajua wenye vitambaa vyake mmoja mmoja, na kwa rai yangu hiyo ndiyo iliyo tajiri zaidi.

Amenituma jambo moja, nami nalitimiza: wote walioleta nguo tangu msimu uliopita wa korosho waende wakazichukue, na fedha mkononi, kwani zimemjazia chumba.